Fundi Zihindula Anamjibu Mteja

Sogeza kiti dirishani, Ntakwinja.
Umeme umekwenda tangu saa sita,
lakini jiwe hili halina haja na balbu.
Linataka mbingu ya Bukavu kama ilivyo sasa,
ya kijivu, mvua ikiwa bado upande wa Idjwi.

Umeniuliza mbona halimetimeti
kama lile la shemeji yako wa Nguba.
Lile ni la duara. Nyuso hamsini na kitu, ndogondogo,
kila uso unapiga kelele zake
kama soko la Kadutu siku ya Jumamosi:
hata mwizi akikupita humwoni.
Hili limekatwa kwa ngazi.
Kidato, kidato, kidato,
mistari mirefu inafuata kingo na kushuka
kama tunavyoshuka sisi asubuhi na ndoo,
mabati juu ya mabati, mpaka ziwani.
Ligeuze kidogo. Umeona?
Upande mzima umewaka, mweupe, shuka lililoanikwa.
Geuza tena. Giza.
Halichekicheki. Likicheka, limecheka.

Pembe nne nimezikuta zimeshapunguzwa,
na aliyezipunguza hakuwa mwanafunzi:
pembe kali ya almasi huvunjika kwa mlango wa gari tu.
Hapo ndipo nitalishika, kucha moja kila pembe,
nyembamba, nimezipiga tupa mpaka zisikwame kwenye sweta.

Unataka dhahabu ya njano, ya Kamituga, kama ya mama yako.
Sikatai. Lakini jiwe lililo wazi hivi ni glasi ya maji:
ukiliweka juu ya kitambaa cha njano, linakunywa njano.
Basi mwili wa pete uwe wa njano,
makucha na kikalio viwe vyeupe.
Na mawe madogo pembeni, acha.
Jiwe refu halitembei na walinzi.
Likisimama kufuata kidole, kidole kifupi kitaonekana kirefu;
ukililaza kwa ubavu, umemfunga mkanda.

Umesema ni muuguzi.
Glavu jozi ngapi kwa siku?
Pete iliyoketi juu itazirarua zote,
naye ataivua, aitie mfukoni mwa koti,
na koti litafuliwa na mtu mwingine.
Nitaiketisha chini, karibu na ngozi.
Nuru itaingia kwa juu, meza yake ni pana.

Sasa shika lenzi. Funga jicho moja, usipumue juu yake.
Hapo katikati, chini ya meza,
kuna unyasi. Mweupe, umepinda kama kucha ya mtoto.
Katika la duara ungezama ndani ya kelele.
Hapa umekaa sebuleni, miguu juu ya kochi.
Usiniambie niufunike kwa kucha.
Kucha haifiki katikati.
Wala usinitume nimwambie mimi.
Mwambie mwenyewe, kabla ng'ombe hawajahesabiwa,
ukiwa umeshika pete hivi, dirishani.

Na yule mtoto wa Uvira,
ndiyo, huyo, mji huu ni mlima mmoja,
habari hushuka zenyewe,
huyo naye mwambie siku hiyo hiyo.

Usiinuke. Sijamaliza.

Huu uzi uliomzungushia kidole akiwa amelala
siufanyii kazi. Kidole cha usiku si kidole cha zamu.
Mlete Alhamisi, akitoka kazini, mikono ikiwa imechoka,
nipime fundo la kidole, siyo ndoto yake.
Akija, nitaanza kuyeyusha.
Asipokuja, jiwe litabaki kwenye kopo hili la kahawa,
lako, na risiti nimeandika.

Ah, umeme umerudi.
Izime hiyo taa. Bado tunaangalia.