Namba Tatu na Somo Yake

Siku ya tatu Newala haina maji.
Bondeni, kwenye chumba cha pampu,
kidhibiti kimewasha taa nyekundu na sentensi ile ile:
NAMBA TATU HAJAJIBU.

Nami najua namba tatu yu hai.
Jana nimepanda hadi tangini,
nimetega sikio kwenye boksi lake, redio inavuma,
betri volti kumi na mbili na nukta nne,
sola nimeifuta vumbi kwa kanga kuukuu ya mke wa mlinzi.

Mlinzi, Mfaume Chitanda, alinikaribisha ming'oko kwenye sahani ya bati,
akasema ni nyigu.
Nyigu kweli walikuwepo, wamejenga chini ya antena.
Nikawahamisha kwa moshi. Nao wakanihamisha: shavu hili.
Hapakuwa na nafuu.

Nikasema ni mkorosho. Umenenepa mwaka huu,
umesimama kati ya antena na bonde
kama mtu mrefu aliyewahi kiti cha mbele.
Nikaomba tawi moja tu.
Bi Esha Namtondo akanitazama toka buti mpaka kofia:
"Maua haya ndiyo ada ya shule. Kata nyaya zako."
Sikukata.

Nikabadili kebo. Nikakaza nati.
Nikapunguza kasi ya maongezi,
kama unavyosema na mgonjwa.
Kidhibiti kikauliza. Kikangoja nusu sekunde. Kikauliza.
Mara ya tatu kikakata tamaa, pampu ikabaki kimya,
maana imeapishwa: usisukume maji usikokuona.

Usiku, kompyuta mapajani, nikaisikiliza hewa yenyewe.
Swali linapanda safi, kila tarakimu mahali pake.
Jibu linashuka limevurugika.
Si kimya, jamani, si kimya!
Ni baiti juu ya baiti, hesabu ya mwisho haikubaliani na barua,
na kidhibiti kinaitupa yote, kinaandika "hajajibu"
kama karani aliyechoka.

Ndipo nikakumbuka nyumba ya bibi, Tandahimba,
tulikokuwa Somoe wawili, mimi na mtoto wa mamdogo.
Bibi akiita "Somoe!"
tunaitika pamoja, mmoja jikoni, mmoja uani, "Labeka!"
na bibi, masikio mazito, analalamika:
mbona watoto hawa hawaitiki?

Nikahesabu redio zangu kwa vidole.
Ile ya tangi jipya, Jumatatu jioni.
Mvua inakuja, dereva anapiga honi,
na namba ikabaki kama ilivyotoka kiwandani:
tatu.
Nani aliifunga?

Kwenye ripoti ningeweza kuandika "hitilafu ya mawimbi".
Maneno mazuri, hayana mwenyewe.
Nimeandika jina langu, lote, na la baba.

Alfajiri nikaiendea ile mpya, nikaiita saba.
Nikarudi bondeni.
Namba tatu?
Sauti moja: sentimita arobaini. Tangi karibu tupu.
Pampu ikakohoa, ikashika.

Maji yana mlima wa kupanda, hayana haraka yangu.
Saa nne, kwenye bomba la sokoni,
foleni ya ndoo ikaanza kusogea,
na mama mmoja akaiona ovaroli yangu, akanikazia macho:
"Kumbe ni wewe uliyeyafunga!"

Nikaitika.
Labeka, mama.