Kopo la Biskuti

Alhamisi, Wellington. Upepo unagonga madirisha
kama mdai aliyeahidiwa njoo kesho mara saba.
Karani anatikisa kopo la biskuti,
bati lile lile lenye kutu ukingoni;
biskuti zake ziliisha kabla sijaajiriwa.
Sasa mna vidude vya plastiki vyenye namba,
kila namba mswada wa mbunge asiye waziri,
kila mswada ukingoja vidole vya mtu.

Imetoka thelathini na nne.

Thelathini na nne ni kurasa sita.
Nazijua; mimi ndiye niliyezisahihisha,
mkato kwa mkato, na chai ikapoa.
Kifungu cha nne kilisema:
Mkata miti lazima awe na mwenzake
anayeweza kumwona, au kumsikia akiita.
Yaliyobaki yalikuwa tarehe, fasili na faini.

Nyuma yake yuko Mereana Paewai wa Tokoroa.
Mumewe, Tamihana, aliingia msituni Juni, kungali giza,
peke yake na misonobari ya watu.
Gogo lilimlalia mguu. Akaita mpaka saa nne.
Daktari aliandika baridi na damu.
Mereana husema: alikufa kwa kuita.

Usomaji wa kwanza: hotuba kumi na mbili,
nne zikisifu, nne zikisifu lakini,
moja ikahusu barabara ya jimbo lake.
Mswada ukapelekwa kamatini.

Kamatini ni miezi sita na barua mia tatu.
Hata yule mkandarasi wa Gisborne nilimwelewa:
Nina vijana wawili. Mmoja akiugua, nifunge?
Hakuwa mwovu. Alikuwa na mkopo wa trekta.
Mereana alipewa dakika tano.
Alisema mbili. Tatu zilizobaki akanyamaza,
nao wajumbe wakatazama glasi zao za maji
hadi kengele ilipolia.
Nilitafuta katika kumbukumbu rasmi alama ya kitu hicho.
Haipo. Palikuwa na nukta, kisha jina la shahidi mwingine.

Mswada ukarudi mezani kwangu na neno jipya:
lazima, inapowezekana.
Nililipiga kwa vidole hivi. Ndiyo kazi.
Neno moja, herufi kumi na tatu,
na mtu anaweza kulala chini yake asubuhi nzima.

Wasemao sheria ni msumeno
hawajasema nani huunoa, wala huchukua muda gani.

Usomaji wa pili ulipita usiku, viti nusu vitupu.
Kisha Bunge zima likakaa kama kamati, kifungu kwa kifungu,
na saa tatu na robo akasimama Mheshimiwa Alasdair Gillanders,
mfuga kondoo, wa upande wa pili, mzito wa kusikia.
Akasema tu: Neno hilo liondoke.
Mnadhimu wake akageuka akamtazama
kama mtu aliyeona mbwa wake akifungua friji.
Sitini na moja, hamsini na tisa.
Nikalifuta. Sijawahi kufuta kitu nikasikia mkono mwepesi hivyo.

Usomaji wa tatu, watu wa Tokoroa walisimama roshani wakaimba,
Spika akawaacha wamalize.
Mimi nilikuwa chini na nakala yangu, nikihesabu mikato.
Wiki iliyofuata Gavana Mkuu akatia saini, wino mweusi.
Mswada ukaacha kuwa mswada.

Mereana alikuja ofisini kuchukua nakala.
Wengine hukimbilia jina la sheria. Yeye alianza kifungu cha pili,
kile ambacho hakuna aliyekijadili:
Sheria hii itaanza kutumika
baada ya miezi kumi na minane.
Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
"Desemba," akasema. "Kuna Juni nyingine katikati."

Sikuwa na mkato wa kuweka hapo.
Ghorofa ya juu, karani alikuwa akitikisa kopo.