Finjani za Bi Zamzam

Saa tisa za usiku Ibra yote imelala
isipokuwa mimi, na kidudu changu cha farasi wawili,
injini ya saizi ya papai
niliyoifunga katikati ya fremu ya baiskeli ya shemeji.
Napiga pedali mara nne, naachia klachi,
na mtaa mzima unajua
mchoma mikate anakwenda kazini.

Hamduni mtu mpole, watu husema, hapazi sauti.
Mimi, naam. Chombo changu, la.

Akaja Bi Zamzam, jirani wa ukuta mmoja.
Sikio lake la kushoto lilikwenda na surua ya utotoni,
la kulia husikia linalolitaka.
Akasimama mlangoni na mtandio wa kuswalia:
"Mwanangu, hicho kidudu chako kitanimaliza."
Hakusema zaidi, nami sikuuliza.

Nikakipeleka Sinaiya, kwa Shafikuli.
Akachuchumaa, akakisikiliza kama daktari wa watoto.
"Ekzosi fupi. Moshi unatoka bado una hasira."
Akaunga bomba refu zaidi, shubiri mbili,
ndani yake bomba jingine la matundu,
na baina yao sufi ya chuma, ile ya kusugulia masufuria.
Fungu moja latosha, akasema.
Nami kwa ujuaji, usiku, nikashindilia mawili zaidi.

Kesho yake kikakohoa chini ya kilima cha mnara.
Kikakohoa, kikakata roho.
Nikakisukuma, jasho mpaka kisigino,
unga unangoja, adhana ya alfajiri ikanikuta njiani.
Nikachomoa nilichoongeza. Kikapanda.

Lakini ekzosi iliposhusha sauti
wakajitokeza waliokuwa nyuma yake:
mnyororo ukichapa chuma, taka-taka-taka,
madigadi legelege,
nati ya tangi,
kengele isiyolia ila nisipoitaka.
Kelele ni kama wageni wa harusi,
akiaga mwenye mdomo mkubwa
ndipo unapohesabu wangapi bado wamekaa.
Nikakaza. Nikapaka grisi.
Nikakata tyubu kuukuu, nikatia vipande
kati ya injini na fremu, chuma kisigusane na chuma.

Mtaa ukatulia. Mzee Suwaidi akaniuliza msikitini
kama nimefukuzwa kazi.

Bi Zamzam akaja tena.
"Bado."
"Bado nini, Bi Zamzam? Mbona hata paka hawaamki?"
"Ingia."

Kabati la kioo, limepigiliwa ukutani.
Finjani kumi na moja, mdomo wa dhahabu,
na alama ya duara kwenye vumbi pale ilipokaa ya kumi na mbili.
"Zinatembea. Kila usiku kabla hujaondoka
zinakuja ukingoni moja moja, kama watoto
wanaotaka kuchungulia kisima.
Hii moja ilishachungulia."
"Na kelele?"
"Kelele gani? Nani kakwambia nasikia kelele?"

Nikatoka nje na tochi.
Hapa ndipo ninapokiegemeza kila siku kukipasha moto:
usukani umelala juu ya ukuta wake,
dakika tano, injini inanguruma,
na upande wa pili, kwenye udongo uleule,
misumari ya kabati.

Miezi miwili. Riyali ishirini na moja.
Ekzosi, sufi, grisi, tyubu, ushauri wa Shafikuli.
Kumbe nilitakiwa kusogea hatua tatu.

Siku hizi nakipasha katikati ya njia,
nimekishika kwa mikono miwili kama mbuzi wa kuchinjwa,
na mtetemo wote naumeza mimi, mpaka kwenye magego.

Ijumaa huniita kahawa.
Hunipa mojawapo ya zile kumi na moja, makusudi,
nayo inacheza mkononi mwangu,
kahawa inamwagika kidogo kwenye kanzu.
Anaitazama. Ananitazama.
"Isogeze hatua tatu," anasema,
na anacheka mpaka sikio lile zima
analiziba kwa kiganja.