Mamapumzika

Jumatano nilirudi kutoka Mwaloni, beseni la dagaa kichwani,
nikakuta redio yangu imelala chali juu ya jamvi,
matumbo nje,
skrubu zimepangwa kwenye mfuniko wa sufuria
kama dawa za mgonjwa.

Fimbo ilikuwa nyuma ya mlango. Mkono ulishaijua njia.
"Mayu," akasema Shija bila kuinua macho,
"nilitaka kuona mahali anapokaa mtangazaji."
Nikacheka kabla hasira haijafika.
Hasira ikafika, ikakuta mlango umefungwa.

Nami nilikuwa na udongo wangu, kando ya Simiyu:
ng'ombe wawili, na mtu mwenye kofia.
Shangazi aliwaponda kwa kisigino. "Mchezo haujazi chungu."
Sijui yule mtu alikuwa anakwenda wapi.
Nilikuwa sijamaliza kumwuliza.

Basi nimempa Shija uvungu,
uvungu wote wa kitanda changu.
Humo hulala rimu ya baiskeli, maboya ya nyavu yaliyotoboka,
ndala tatu, zote za kushoto,
na kitu kimoja chenye mkia ambacho sitakiwi kukiulizia.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame:
nainama, natafuta mwiko wangu,
naukuta umekuwa usukani.
Nyamizi, jirani, huchungulia: "Siku hizi kwako dampo?"
Namkaribisha chai. Pa kukaa tunapatafuta pamoja.

Nyumba yetu iko juu, Mabatini, imebanwa na mawe mawili.
Bomba liko chini. Vidato mia na kumi na viwili;
nimevihesabu kwa magoti.
Mwezi wa sita Shija aliitundika ile rimu katikati ya mawe,
akapitisha kamba ya wavu, akaning'iniza ndoo.
"Inaitwa Mamapumzika."
Mwalimu wake alisema jina lake ni kapi.
Shija akafikiri kidogo. "Hiyo ya shule. Hii yangu."

Ndoo ya kwanza ikagonga jiwe, ikawamwagikia kuku wa Nyamizi.
Ya pili, kamba ikakatika.
Nilikuwa na neno mdomoni, neno lenye kisigino.
Nikalimeza.
Nikauliza: "Unadhani ni kamba, au ni fundo?"
Akanitazama kama fundi anavyomtazama fundi.

Ya saba ikafika. Nusu ndoo, na jani ndani.
Tuliipikia ugali.

Nisikudanganye: maji mengi bado napandisha kichwani.
Redio inaongea, ila mpaka uifunge kwa mpira.
Lakini jana, umeme umekatika, nangoja maji yachemke,
vidole vyangu vilichota unga, vikaulowanisha, vikaanza kufinyanga
kofia kwanza, kisha aliye chini yake.

Shija akasogea na kibatari.
"Huyo anakwenda wapi?"
"Sijui," nikasema. "Keti tumwulize."