Jozi

Zipu ilipasuka saa tatu usiku
na basi la Bari linaondoka saa kumi alfajiri.
Tsiala alikuwa amelikalia begi,
mimi navuta, yeye anahesabu kwa Kiitaliano chake cha redioni,
kisha: trrr.
Mdomo ukaachama.

Simlaumu mama yake,
aliyeleta kilo tatu za jozi kutoka Vani,
eti huko Italia hawana jozi.
(Wanazo. Nani atamwambia?)

Tsiala akasema, funga kwa kamba, tulale.
Nikasema, mke wangu hatashuka mji wa watu
na begi lililofungwa kamba kama mbuzi wa mnada.
Maneno makubwa. Tangu kiwanda kifungwe
hayo ndiyo niliyobaki nayo.

Nikatandaza gazeti mezani.
Koleo, sindano, penseli, kipande cha mshumaa wa kanisani.
Meno yote yalikuwepo. Niliyapitishia penseli moja moja
kama mwalimu anayekagua daftari la mtoto asiyempenda.
Ubovu ulikuwa kichwani: mashavu ya kile kichuma yamelegea,
kinapita, na nyuma yake kunabaki wazi.
Nikakibana kushoto kidogo, kulia kidogo.
Kikaenda shibiri moja, kikasusa.
Nikakibana tena, sasa kwa hasira,
kikakatika vipande viwili kiganjani.

Yeye alikuwa ameshasinzia kitini,
viatu miguuni, pasipoti kwapani.
Huko kuna bibi wa miaka tisini na mmoja anamngoja,
asiyeweza kujivua soksi.
Mimi naweza kujivua soksi.
Ndiyo maana nabaki Kutaisi.

Ningeweza kuliacha vile vile. Nakiri.
Nilikaa na wazo hilo muda wa sigara moja:
begi bovu, basi limeondoka,
asubuhi tunavunja jozi na kugombana.
Sigara ikaisha.

Koti langu lilining'inia msumarini nyuma ya mlango.
Zipu yake ya shaba, ya enzi zile
ambapo hata vitu vibaya vilitengenezwa vizito.
Nikang'oa kizuizi cha chini, nikakivuta kichwa,
kikatoka bila ubishi, kama jino la utotoni.

Kukiingiza begini, hapo ndipo penye kazi.
Upande wa kulia uliingia, wa kushoto ukagoma.
Ukiingia wa kushoto, wa kulia unachomoka.
Nikashika mmoja kwa meno yangu mwenyewe,
nikatukana kimya kimya, nikaomba radhi kwa mshumaa.
Saa nane na robo pande zote mbili zikaumana.

Nikashona mwisho kwa uzi mweusi, mishono kumi na miwili.
Nikasugua nta. Nikafunga.
Nikafungua, nikafunga tena,
na sauti hiyo ikamwamsha.
"Umeweza," akasema,
kama mtu aliyetarajia vingine.
Au ni masikio yangu.

Kituoni upepo ulipanda kutoka mto Rioni.
Dereva akalitupa begi tumboni mwa basi,
halikufunguka.
Tsiala akaja kunifunga koti
kama afanyavyo kila majira ya baridi, bila kutazama,
huku akimwuliza dereva habari za mpakani.
Vidole vikashuka hadi chini kukitafuta kile kichuma.
Vikatafuta.
Vikarudi juu, vikashuka tena.
Swali la mpakani likaishia njiani.

Hakusema kitu. Alivuta pande mbili za koti,
akazikutanisha kifuani pangu kwa ngumi moja,
akazishikilia hivyo
mpaka honi ya pili.

Nilirudi kwa miguu, mkono wangu
umeshika pale pale aliposhika.
Mezani, kati ya koleo na majivu,
ilikuwa imebaki jozi moja.
Nimeitia mfukoni. Sijaivunja.