Kura ya Baba

Miaka thelathini na mmoja, kila Jumapili ya msimu,
kabla ya kanisa, kabla hata ya kunyoa,
baba alivuta simu ya jikoni mpaka waya ukanyooka
akamtajia mtu wa Chicago majina ishirini.
Hivyo ndivyo bingwa wa vyuo alivyopatikana.
Si kwa bega kugonga bega,
bali kwa wazee sitini wanaokohoa kwenye simu
huku siagi ikiyeyuka juu ya mkate.

Mimi ni Marit, binti wa Orville Tveit,
mwandishi wa michezo wa gazeti dogo la Dakota Kaskazini
lililokufa kabla yake.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwepo.

Novemba. Theluji imefika kwenye kizingiti.
Chuo cha Corvin, kule milimani magharibi,
kinaanza kucheza saa nne usiku kwa saa zetu.
Mechi kumi, ushindi kumi.
Baba ameketi, kalamu sikioni,
na kabla ya mapumziko kidevu kimeshaanguka kifuani.
Nilimvua miwani. Nilizima sauti.
Kwenye kioo vijana walirushiana ule mpira wa umbo la yai
kimya, kama samaki.

Asubuhi nikamsikia: "Corvin, wa tatu."
Hakusita. Alisema kama mtu anayeagiza nyama buchani.

Msimu ukaisha: kumi na moja bila doa.
Taji likaenda kwa chuo kikubwa kilichopigwa mara moja,
lakini kilipigwa mchana, mbele ya kamera zote.
Tofauti: pointi moja.
Nilihesabu kwa vidole chini ya meza.
Sikumwambia mtu.

Sasa kuna mchujo.
Mwanangu Anders anapiga kelele kwenye kochi:
"Uwanja haulali, mama! Nyasi hazina upendeleo!"
Namjibu kwamba nyasi hazichagui wa kuingia.
Bado kuna hoteli, bado kuna meza ndefu,
bado kuna watu wenye tai wanaowataja kumi na wawili,
na wa kumi na tatu anavua viatu vyake akilia.
Namkumbusha goti la binamu yake Soren,
lililosagika katika mechi ya kumi na tano,
mechi ambayo zamani isingekuwepo.
Anders ananyamaza kidogo. Kisha anaongeza sauti.

Mwaka jana, nikisafisha nyumba ya marehemu,
nilikuta barua ndani ya kopo la unga.
Mwandiko wa kijana, wino wa buluu, mstari mmoja:
*Bwana Tveit, naomba kujua tulikosea wapi.*
Chini yake: Lonnie Askew, namba 44.
Baba hakujibu. Wala hakuitupa.

Nilimtafuta. Anauza matairi Boise.
Nikamwambia yote: kiti, kidevu, miwani, samaki.
Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.
Kisha akasema, polepole:
"Mama, kwenye mchujo tungefungwa.
Kile chuo kikubwa? Wangetupiga kama ngoma.
Mrushaji wetu alikuwa na kidole kilichovunjika,
tulimficha kocha mpaka mwisho."

Nikauliza: basi huna uchungu?

Nilisikia mashine ikifungua nati mahali fulani nyuma yake,
mtu akiita jina la gari.
"Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani.
Mimi ningekubali. Ningekubali mbele ya watu elfu themanini,
uso kwenye matope, huku najua ni nani aliyeniangusha.
Lakini nikubali nini, mama?
Nimekaa miaka arobaini na kushindwa ambako hakuna aliyenipa."

Akaniuliza kama natafuta matairi ya theluji.
Nikasema ndiyo. Manne.