Bao la Mbaraki

Likoni tulipovuka, tiketi i mfukoni,
Ami Shekuwe kacheka: “Kaa nami ubavuni.”
Mbaraki tulipofika, foleni hadi njiani,
Saruji moto yawaka, gazeti twalaza chini.

Njaa ikaniumiza, dakika zabaki mbili,
Mama Riziki auza viazi na pilipili;
Cha kwanza sijakimeza, nyuma pakavuma: “Goli!”
Shingo nilipogeuza, migongo kama jabali.

Ami akasimulia ferini, kichwa na kona,
Chungwa akanirushia, kipa mimi, twachekana;
Majini likaingia, “Goli!” akaita tena,
Feri nzima yasikia, wasojua wakaguna.

Viwanja nimetembea, Voi, Tanga, vya maana,
Mabao yanipotea kama chenji za mchana.
Ami hatanirejea, tiketi wino haina.
Bao nalielezea, naapa: nililiona.